Pembe ya Mgongo na Hukumu ya Miaka Ishirini

Katika tiba ya skoliosisi, yaani uti wa mgongo kupinda ubavuni na kujisokota, picha ya eksirei ndiyo imekuwa na sauti kubwa chumbani. Mistari miwili huchorwa kufuata pingili zilizoinama zaidi juu na chini ya mpindo. Pembe inayopatikana ndiyo humwambia daktari nani asubiri, nani avae bresi, nani apasuliwe. Kwa kuchagua tiba, kipimo hicho kinafaa. Kwa kuhukumu kama tiba ilimfaa mtu maishani, kinapotosha, na fani hii ilichelewa sana kukiri hivyo.

Russell Hibbs wa New York aliunganisha pingili za wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo mwaka 1911, na kufikia 1914 alikuwa ameihamishia mbinu hiyo kwenye skoliosisi. Chuma hakikuwapo. Alibanjua vipande vya mfupa nyuma ya pingili, akavilaza vishikane, kisha mtoto akakaa ndani ya plasta kwa miezi mingi. Chama cha madaktari wa mifupa wa Marekani kilipopitia wagonjwa 425 mwaka 1941, takriban asilimia 69 ya waliopasuliwa walipewa alama ya wastani au mbaya. Ni katika hali hiyo ya kukata tamaa ambapo Walter Blount na Albert Schmidt walibuni bresi ya Milwaukee miaka ya 1940: mshipi mpana kiunoni, fito zinazopanda mbele na nyuma, pete shingoni. Wanaozisimulia bresi na kisu kama mahasimu husahau kwamba bresi hiyo ilibuniwa kwanza kuwashikilia wagonjwa waliopinda mgongo kwa polio, waliokwisha kupasuliwa. Polio hiyo hiyo ndiyo iliyomsukuma Paul Harrington, kule Houston, kutengeneza fito za chuma zenye kulabu, alizozitangaza mwaka 1962.

Jibu la maana kwa swali la kama tiba hizi ziliwafaa watu maishani lilitoka Gothenburg, Sweden. Aina Danielsson na Alf Nachemson waliwatafuta watu waliotibiwa hapo tangu 1968 hadi 1977, 156 kwa fito za Harrington na 127 kwa bresi, wakawapima tena baada ya miaka ishirini na ushei. Mpindo ulikuwa umeongezeka kwa wastani wa nyuzi 3.5 kwa waliopasuliwa na karibu 8 kwa waliovaa bresi. Kwa macho ya eksirei, kisu kilishinda. Lakini walipoulizwa kuhusu kazi, maumivu na maisha ya kila siku, makundi yote mawili yalikaribiana: mgongo uliwauma kidogo zaidi kuliko wenzao wasio na skoliosisi, ila maisha yao kwa jumla hayakuwa duni.

Mpinzani atasema makundi hayo hayalingani, na ana haki: waliopasuliwa walianza na mipindo mikubwa zaidi. Kwa hiyo utafiti huu hauthibitishi kwamba tiba zote mbili ni sawa kwa mgonjwa yule yule. Unachothibitisha ni kwamba nyuzi chache za tofauti hazitabiri maisha ya mtu wa miaka arobaini. Mwingine atasema fito za Harrington, zilizozoea kuunyoosha mno mkunjo wa asili wa kiuno, zimekwisha kuachwa. Ni kweli, lakini ushahidi wa miaka ishirini siku zote huhusu vyuma vya jana. Anayeukataa kwa sababu hiyo hatakuwa na ushahidi wowote.

Pingamizi zito zaidi lilikuwa kwamba huenda mipindo ya waliovaa bresi ingetulia yenyewe. Hilo lilijibiwa mwaka 2013, katika utafiti ulioongozwa na Stuart Weinstein wa Iowa. Ndani ya bresi kuliwekwa kihisio cha joto, ili saa za kuvaa zisitegemee neno la kijana wala la mama yake. Asilimia 72 ya waliopewa bresi walimaliza kukua mpindo ukiwa chini ya nyuzi 50, kiwango ambacho upasuaji huanza kujadiliwa, dhidi ya 48 ya walioangaliwa tu, na kadiri saa zilivyozidi ndivyo matokeo yalivyokuwa mazuri. Bresi inazuia kisu, basi. Ila ile 48 nayo ina maana yake: karibu nusu ya vijana wasingefika kwenye upasuaji hata bila kuivaa, na pembe ya siku ya kwanza peke yake haitoshi kumwonyesha daktari ni akina nani.