Njia Mbili za Vijana Wetu: Kitabu na Kazi ya Mikono



Mtu atakaye kusafiri kutoka Mbekenyera kwenda mbali haulizi njia akiwa amekwisha kupotea. Huiuliza kabla hajaondoka nyumbani, tena humwuliza yule aliyekwisha kuipita. Nimeona vema katika kitabu hiki cha jubilei nieleze jinsi vijana wa nchi hii ya kusini walivyotayarishwa zamani kwenda mbele baada ya shule, ili tupate kujipima sisi wenyewe.

Misheni iliyoleta shule Masasi iliitwa Misheni ya Vyuo Vikuu, kwa sababu ilianzishwa na watu wa vyuo vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Walakini wanafunzi wake wa kwanza hawakutoka katika nyumba za wakubwa. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, Sultani alimpa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Baadaye chuo cha Kiungani kikawa mahali pa kufundishia walimu na mapadre. Mwaka 1876 Askofu Steere akaja bara pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Na tangu hapo vijana wa huku wakaanza kwenda Kiungani kusoma.

Fikirini safari ile. Kijana alitembea kwa miguu hata Lindi, kisha akapanda chombo kwenda Unguja. Lakini hakwenda peke yake. Mwalimu wake alikuwa amemchagua na kumpima mwenendo wake, na wazee wake walikuwa wamekubali aende. Huko aendako alikuwa akingojewa, na alijua atakaporudi atafanya kazi gani.

Matunda yake tunayajua. Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, alisoma Kiungani na kisha Canterbury katika Uingereza. Mwaka 1886 akapelekwa Chitangali, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza wa Misheni ile kupata daraja hilo. Tena vita vya mwaka 1914 vilipotokea, wamisionari Waingereza wakatiwa kizuizini na Wadachi. Kazi ya makanisa na shule ikabaki mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika, nao wakaishika. Kama hawangalitayarishwa zamani, siku ile ingaliwakuta mikono mitupu.

Basi hiyo ndiyo sifa yao. Lakini historia ya kweli husema na kosa. Vijana waliohesabiwa kwamba hawafai kwa ualimu walipelekwa kujifunza kazi za mikono, kama useremala na uchapaji. Kazi hizo zilikuwa njema, ila zilitolewa kana kwamba ni fungu la walioshindwa. Neno hilo likaingia mioyoni mwa watu, na hata leo halijatoka. Mzazi akiambiwa mwanawe anakwenda chuo kikuu, hualika majirani. Akiambiwa anakwenda kujifunza ufundi, hunyamaza.

Na tazameni jinsi neno hilo lilivyo mbali na kweli. Chuo cha Makerere katika Uganda, ambacho baadaye kilikuwa chuo kikuu cha kwanza cha Afrika Mashariki, kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14 tu, nao walijifunza useremala, ujenzi na mitambo. Ni katika Makerere hiyo Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi, aliyekuja kuwa Rais wa Tanzania, alimaliza masomo yake mwaka 1962. Tena watawa Wabenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906 waliweka karakana karibu na shule na hospitali, wasione aibu kuunganisha kitabu na randa.

Jirani zetu wa Nachingwea nao waliona jambo lingine. Mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilianza mashamba makubwa ya karanga, na watu wengi wakaenda kutafuta mshahara. Mwaka 1951 mradi ule ukaachwa. Aliyekuwa na nguvu za mikono tu alirudi kwao na jembe lake. Aliyejifunza huko kuendesha trekta au kutengeneza mashine alirudi na ujuzi, na ujuzi hauondoki pamoja na mwajiri.

Sasa tujitazame. Siku hizi njia ni nyingi kuliko zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, iliundwa mwaka 1994, na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi ilianza kazi mwaka 2005. Uko tena uanagenzi, ambao kijana hujifunza kazi chini ya fundi. Hata hivyo nimemwona kijana aliyefaulu kidato cha sita akakosa mkopo, si kwa ujinga, bali kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kilitafutwa siku za mwisho za maombi. Akakaa nyumbani mwaka mzima. Mimi nilikuwa nikimfundisha dini tangu utoto wake, wala sikumwuliza hata mara moja habari za karatasi zake. Kosa hilo nalihesabu kuwa langu pia.

Kwa hiyo nasihi mambo matatu. Kwanza, kijana aingiapo kidato cha tano, mwalimu na mzazi waketi naye, waulize anapenda kazi gani na masomo yake yanamfikisha wapi, na vyeti vyake vikaguliwe siku hiyo. Pili, mzazi aweke akiba mapema katika fedha za ufuta na korosho, maana maombi ya chuo hayangoji mnada. Tatu, kila usharika utafute watu wake waliosoma vyuoni na mafundi wake hodari, nao waje wakati wa likizo waseme na vijana, wote wawili wakae mbele katika kiti kimoja cha heshima.

Wazee wetu walimsindikiza kijana aliyekwenda Unguja kwa miguu na kwa chombo. Wetu huenda kwa gari, na mara nyingi huenda peke yake. Tumrudishie wenzi wa safari, naye ashikaye kalamu na ashikaye randa, kila mmoja aondoke na baraka yetu.