Kibadilishwe Nini Kwanza?



Kila baraza ya watu wazima hapa ughaibuni haikosi mmoja mwenye maradhi ya vyombo vya muziki. Katika baraza yetu mgonjwa ni mimi. Waingereza huviita vyombo hivyo hai-fai, yaani vyenye kutoa sauti kama ilivyorekodiwa, bila ya kuzidisha wala kupunguza. Mke wangu husema jina limekaa pahala pake: haifai kabisa kutumia pesa zote hizo.

Mwaka jana nilikuwa nimeweka pauni mia nane, nikawa nashindana na nafsi yangu: nibadilishe amplifaya, spika au gramafoni? Kazi yangu ni uhandisi, na nikikwama hupenda kuangalia waliotangulia walikwama wapi.

Mlolongo wenyewe ni mfupi. Kuna chanzo, yaani santuri, kaseti au sidi pamoja na chombo cha kuisoma. Kuna amplifaya ya kukuza umeme unaotoka hapo. Kuna spika ya kuugeuza umeme kuwa sauti. Mwisho kuna chumba. Chukulia mfano wa bomba la maji kutoka tangini hadi jikoni: pale palipo pembamba kuliko pote ndipo panapoamua utapata maji kiasi gani. Ukipanua pengine, umetupa pesa zako.

Thomas Edison alipotengeneza fonografu yake mwaka 1877, na Emile Berliner alipoleta sahani bapa mwaka 1887, bomba zima lilikuwa jembamba. Hapakuwa na umeme. Mwimbaji aliimba ndani ya baragumu na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyosukuma sindano. Mwaka 1925 ndipo kurekodi kwa maikrofoni na umeme kulipoingia sokoni, na mwaka huo huo Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric wakaeleza spika yenye koili inayotikisika ndani ya sumaku. Spika nyingi tulizonazo majumbani leo ni wajukuu wa ile. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Sahani za zama hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika tatu au nne tu.

Mwaka 1947 Mwingereza D. T. N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya iliyoharibu sauti kwa chini ya asilimia 0.1. Mwaka uliofuata Columbia ya Marekani ikatoa santuri ya kuzunguka mara 33 na theluthi. Sasa pembamba pakawa kwenye spika, ambazo zilihitaji sanduku kubwa kama kabati la nguo ili zitoe besi. Edgar Villchur wa Marekani akalitatua hilo mwaka 1954 kwa spika ya AR-1: alifunga hewa ndani ya sanduku dogo, akaifanya hewa hiyo iwe ndiyo springi. Uingereza nako Peter Walker akaanza kuuza Quad mwaka 1957, spika ya utando mwembamba unaosukumwa na nguvu za umeme tuli. Zama hizo ukiuliza kibadilishwe nini, jawabu la haki lilikuwa spika.

Miaka ya 1970 jawabu likageuzwa juu chini, na aliyeligeuza alikuwa Ivor Tiefenbrun wa Glasgow, mwenye kampuni ya Linn na gramafoni ya Sondek LP12. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kilichopotea kwenye mfereji wa santuri hakirudishwi na amplifaya wala spika, basi anza na chanzo. Nilipokuwa nasoma Scotland mwanzoni mwa miaka ya 1990, maneno hayo bado yalisemwa madukani kama amri. Na yalikuwa na ukweli wake, kwa sababu sindano husoma mitikisiko midogo mno, na mtikisiko wa mota ukiingia hapo, nao hukuzwa pamoja na muziki.

Lakini Oktoba 1982 sidi, iliyobuniwa na Philips na Sony, ilianza kuuzwa Japani. Humo sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na mota haina nafasi ya kuuyumbisha wimbo. Pembamba pakahama tena, pakarudi kwenye spika na chumba.

Nilichojifunza ni kuwa kila mmoja wao alisema kweli kwa zama zake. Kosa ni letu tunaobeba jawabu la jana kwenda nalo dukani leo, bila ya kupima cha kwetu.

Basi nikapima. Kutoka wati 50 hadi wati 100 unapata desibeli 3 tu, na sikio huhitaji kama 10 ndipo lihisi sauti imekuwa maradufu. Amplifaya ikatoka. Chumba changu kina urefu wa mita 4, na chumba kama hicho huvimbisha noti ya mitikisiko kama 43 kwa sekunde. Nikasogeza kochi na kuzitoa spika kwenye pembe. Besi ikatulia bila ya senti moja.

Kikabaki chanzo. Nikajiuliza: hasa mimi nasikiliza nini? Nusu ya usikilizaji wangu ni kaseti za Bi Mkubwa, zilizorekodiwa kwenye maharusi Unguja baina ya 1979 na 1985. Zote zilikuwa zinasikika kama watu wanaimba ndani ya blanketi, na miaka yote nililaumu kaseti.

Mkanda wa kaseti una upana usiofika milimita 4 na hupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Upenyo wa hedi lazima uwe wima sawasawa na ule wa redio iliyorekodi; ukiinama kidogo tu, sauti za juu ndizo za kwanza kupotea. Nikasafisha hedi kwa pamba na spiriti, nikaweka alama pale skrubu yake ilipokuwa, kisha nikaigeuza pole pole huku nasikiliza. Blanketi likaondoka. Nikasikia matari, vigelegele, na mwanamke akigombeza watoto watoke jikoni.

Nilimpigia simu Bi Mkubwa, nikaiweka karibu na spika. Akataja majina yao mmoja mmoja. Alipofika kwa yule wa jikoni alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, huyo ni bibi yako." Marehemu bibi alifariki nikiwa mdogo, sauti yake sikuwa nikiikumbuka.

Pauni mia nane zangu, sehemu ndogo imenunua deki ya kaseti iliyotumika na mikanda yake mipya ya mpira, na chombo cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Zilizobaki zipo benki, na mke wangu ameacha kusema haifai. Kaseti zimebaki arubaini na moja. Mbili zimeshakatika mikononi mwangu, na nyengine unga wake wa kahawia unaganda kwenye hedi kila zikipita. Hizo haziningojei.

Kwa hivyo, ndugu yangu unayetaka kubadilisha chombo, kabla ya kwenda dukani fungua lile sanduku ulilokuja nalo kutoka nyumbani, uone kuna nini ndani. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.