Fanya Juu, Mwethya na Bustani za Wanawake wa Machakos

Katika maandishi ya wataalamu wa udongo ulimwenguni, tuta lililoenea katika vilima vya Machakos hujulikana kwa jina la Kiswahili: fanya juu. Jina hilo laeleza kazi yenyewe. Mtaro huchimbwa kwa kukata mteremko, na udongo utokao humo hutupwa upande wa juu hadi ukawa ukingo. Baada ya mvua za miaka kadhaa udongo hukusanyika nyuma ya ukingo huo na shamba likawa ngazi. Mwanaisimu atatambua jambo la ziada. Tamko hilo ni la amri, na kitenzi cha amri katika umoja hakichukui kiambishi cha nafsi: anayeamriwa hatajwi. Ukambani, anayeamriwa aghalabu alikuwa mwanamke.

Historia iliyozoeleka ya Machakos huanza na mmomonyoko wa udongo wa miaka ya 1930, ambao Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni, aliueleza kwa maneno makali katika taarifa yake ya mwaka 1937. Hufuata amri ya kupunguza mifugo, na maandamano ya mwaka 1938 ya kwenda Nairobi chini ya Muindi Mbingu, aliyehamishiwa Lamu kwa kosa hilo. Hiyo ni historia ya wanaume na ng'ombe wao. Bustani haimo.

Neno la Kikamba muunda halitenganishi shamba na bustani jinsi Kiswahili kinavyofanya, na huenda ndiyo sababu wageni hawakuiona. Kwa desturi kila mke alikuwa na sehemu yake ya muunda na ghala lake, na humo yeye ndiye aliyechagua mbegu. Mahindi, maharagwe, kunde na mbaazi zilipandwa pamoja, wala si kwa ovyo. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo mtu wa pwani angeziita vuli na kuzidharau, ndizo zinazotegemewa zaidi Machakos kuliko zile za Machi. Kunde huchumwa majani zikiwa changa, kabla ya chochote kuiva; mbaazi hubaki ardhini hata mahindi yakishavunwa, zikasubiri msimu wa pili. Hivyo bustani ilikuwa pia kalenda ya kujikinga na njaa, na aliyeisoma kalenda hiyo ni mwanamke, kwani wanaume wengi walikuwa jeshini, katika polisi au katika ajira ya Nairobi.

Mwethya nao ulikuwa na maana yake ya asili: mwenye kazi kubwa aliwaita majirani, wakalima pamoja, akawapa chakula. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ililazimisha kazi ya matuta, na katika miaka ya 1950 ikalitumia jina hilohilo la mwethya. Mwaliko ukageuka kuwa amri. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 shuruti iliondoka, na ingetarajiwa matuta yaachwe yabomoke. Lakini picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1948, 1961 na 1978, ambazo Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizichunguza katika kitabu chao cha mwaka 1994, zaonyesha kwamba ngazi zilizidi kuenea, ilhali watu wa wilaya waliongezeka kutoka kiasi cha 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1989. Katika miaka ya 1970 vikundi vya wanawake vilikwenda kwa zamu shamba hadi shamba, siku maalumu za juma, na majembe yao. Mwethya ulikuwa umerudi kuwa mwaliko.

Ardhi waliyoitengeneza hawakuandikiwa. Chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 hati zilitolewa, kwa sehemu kubwa, kwa jina la mume, naye aliweza kuuza ngazi ambazo hakuzichimba. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ndiyo iliyoitaja kazi ya shamba miongoni mwa michango ya mwanandoa. Kufikia hapo, wengi wa wale waliochimba mitaro ya miaka ya 1950 walikuwa wamekwisha kuzikwa.