Msanidi programu huria na msamiati wa mikopo midogo

MSANIDI PROGRAMU (nomino, ngeli ya a-/wa-, wingi: wasanidi programu). Mtu anayebuni, kuandika na kurekebisha programu za kompyuta. Neno limeundwa kutokana na kitenzi "sanidi", ambacho kabla ya enzi ya kompyuta kilihusu zaidi kutunga na kubuni. Siku hizi kitenzi hicho kimebebeshwa mzigo wa pili: kwenye menyu za simu, "sanidi" ni kuweka mipangilio ya kifaa. Kwa hiyo sentensi "amesanidi programu ya chama" inaweza kumaanisha kwamba aliiandika au kwamba aliipanga tu ili ifanye kazi. Panapohitajika uwazi, ni bora kusema "ameandika programu" au "ameweka mipangilio ya programu", na kuiacha nomino "msanidi" kwa yule wa kwanza.

"Programu huria" ni programu ambayo msimbo wake uko wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Kivumishi "huria" kinafahamika pia katika "soko huria". Si sahihi kuiita "programu ya bure". Kiongozi wa chama cha akiba na mikopo anayeambiwa "bure" hatarajii gharama za seva, intaneti na mafunzo, na zikija atadhani amedanganywa.

Mahali ambapo istilahi hizi zinapimwa kwa ukali kuliko kwingi ni katika huduma ndogo za fedha. Tanzania Bara ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayowagawa watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, taasisi na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo (SACCOS), na vikundi vya kijamii kama vikoba. Katika mji kama Songea madaraja haya yanakutana katika maisha ya mtu mmoja, ambaye anaweza kuwa na hisa SACCOS, kuweka akiba kwenye kikoba cha mtaani na kudaiwa na mkopeshaji binafsi. Kila mahali anasomewa maneno kutoka daftarini au, zaidi na zaidi, kutoka kwenye kioo cha kompyuta.

Programu huria inayojulikana zaidi katika uwanja huu ni Mifos, iliyoanzishwa na Grameen Foundation ya Marekani na kukabidhiwa jumuiya ya watumiaji na wasanidi wake mwaka 2011. Kiini chake, Fineract, kimeandikwa kwa lugha ya Java na tangu 2017 ni mradi kamili wa Apache Software Foundation. Kiswahili ni mojawapo ya lugha ambazo zimewekewa faili la tafsiri katika Mifos. Kazi ya namna hii ina historia nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Tofauti ni kwamba kosa la tafsiri katika programu ya kuandikia barua humchelewesha mtumiaji, ilhali katika programu ya mikopo humtoza.

Upatanisho wa kisarufi

Faili la tafsiri ni orodha ndefu ya maneno, kila moja na ufunguo wake. Msanidi asiyejua Kiswahili hutumia ufunguo mmoja kwa neno linalotokea mara nyingi, kwa mfano hali ya "kuidhinishwa". Kwa Kiswahili neno moja halitoshi: mkopo umeidhinishwa, akaunti imeidhinishwa, mteja ameidhinishwa, ombi limeidhinishwa, malipo yameidhinishwa. Mfasiri akichagua "imeidhinishwa" pekee, kioo kitasoma "mkopo: imeidhinishwa", na mhusika atajiuliza ni nini hasa kilichoidhinishwa.

Njia mbili hutumika. Ya kwanza ni kukwepa upatanisho kwa nomino: "idhini imetolewa". Inafaa, ingawa ikirudiwa ukurasa mzima hunuka urasimu. Ya pili ni kurudi kwenye msimbo na kutenganisha ufunguo mmoja kuwa kadhaa, kisha kuwasilisha badiliko hilo kwa wasimamizi wa mradi ili walikague. Hapa ndipo uhuria unapopata maana kwa mwanaisimu. Katika programu iliyofungwa, mfasiri hukabidhiwa orodha na kuambiwa aijaze; katika programu huria, msanidi aliyeko Songea anaweza kuibadilisha orodha yenyewe kwa sababu ngeli za Kiswahili zinadai hivyo.

Mteja, mwanachama, rejesho

Programu nyingi za mikopo huandikwa kwa kufikiria taasisi na mteja wake. Katika SACCOS mkopaji ni "mwanachama": ana hisa na ana kura. Kumwita "mteja" ni kumwondolea umiliki kwa neno moja.

"Rejesho" (wingi: marejesho) lina nguvu kuliko "malipo". Malipo huenda pande zote. Rejesho hurudi lilikotoka, kama kitenzi "rejesha" kinavyosema. Katika vikundi neno hili limepanuka hadi kutaja siku na mkutano wenyewe, kiasi kwamba mtu husema "leo nina marejesho" na kila asikiaye akaelewa kwamba hapatikani kwa shughuli nyingine. Msanidi hana sababu ya kutafuta istilahi mpya.

Neema si msamaha

Katika Mkoa wa Ruvuma mvua huwa za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na mahindi huvunwa baadaye. Mkulima anayekopa fedha za mbolea mwezi Novemba hana cha kurejesha kabla ya mavuno. Ndiyo maana mikopo ya kilimo huwa na kipindi cha kusubiri, ambacho nyaraka nyingi hukiita "kipindi cha neema" na baadhi hukiita "msamaha".

Fineract hutofautisha mambo matatu hapa. Katika la kwanza, mkopaji haanzi kurejesha deni la msingi, lakini riba analipa. Katika la pili, riba haidaiwi katika miezi hiyo, lakini inahesabiwa na itadaiwa baadaye. Katika la tatu, miezi hiyo haitozwi riba kabisa. Ni mipangilio mitatu tofauti, na kila mmoja una sehemu yake kwenye kioo.

Mfano: mkopo wa shilingi 800,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, na miezi sita ya kusubiri bila kupunguza deni la msingi. Riba ya kila mwezi ni shilingi 16,000. Kwa mpangilio wa pili, shilingi 96,000 zinamsubiri mkulima sokoni. Kwa mpangilio wa tatu, hakuna kinachomsubiri. Endapo sehemu zote mbili zimetafsiriwa "msamaha wa riba", afisa mikopo atasoma maneno yaleyale kwa wakulima wawili, na mmoja wao atakuwa amedanganywa bila mtu yeyote kukusudia.

"Samehe" ni kuachilia jumla. Kilichoahirishwa hakijasamehewa. Kwa hiyo "msamaha wa riba" litumike kwa mpangilio wa tatu tu. Wa pili uitwe "kuahirisha malipo ya riba", na wa kwanza "kuahirisha malipo ya deni la msingi". "Neema" si kosa, lakini kwa msemaji wa kawaida ni wingi wa baraka na mazao, na neno lenye harufu ya baraka halifai kusimama peke yake juu ya deni linalokua.

Hali ni hiyo hiyo kwa ukokotoaji wa riba. Mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi 12, kwa asilimia 2 kwa mwezi inayokokotolewa daima juu ya mkopo wote, huzaa riba ya shilingi 144,000. Ikikokotolewa juu ya salio, huku deni la msingi likipungua kwa shilingi 50,000 kila mwezi, huzaa shilingi 78,000. "Riba inayopungua" imekwisha kuzoeleka. Kinyume chake kiitwe wazi "riba isiyopungua". Kuandika "riba asilimia 2" pasipo kivumishi ni kuficha karibu nusu ya habari. Wakopaji wenyewe hawakosi maneno: mikopo ya riba nzito na marejesho ya haraka mtaani huitwa "kausha damu", jina ambalo limefika hadi kwenye vichwa vya habari.

Kufuta

Benki na taasisi huwa na "mikopo chechefu", yaani isiyorejeshwa kama ilivyopangwa. Baada ya muda mkopo wa aina hiyo huondolewa katika hesabu za mali za taasisi. Hilo ni tendo la mhasibu. Mdaiwa bado anadaiwa, na taasisi inaweza kuendelea kumfuatilia. Tafsiri iliyo karibu mkononi ni "kufuta mkopo", na hali inayoonekana kwenye kioo ni "umefutwa". Lakini katika Kiswahili cha kila siku, deni lililofutwa limekwisha. Mwanachama anayeonyeshwa neno hilo ataondoka akishukuru, na miezi michache baadaye atafuatwa nyumbani na watu anaoamini hawamdai tena. Mdhamini wake naye atakuwa ameamini vivyo hivyo.

Kwa maana hiyo ya kihasibu, lifaalo ni "umeondolewa vitabuni", na kwenye taarifa inayosomwa na mkopaji iongezwe "deni bado linadaiwa". Taasisi inapoachilia riba au tozo kwa dhati, isemwe "riba imesamehewa" au "tozo imesamehewa". "Kufuta" libaki kwa rekodi iliyoingizwa kimakosa, kama rejesho la mtu mmoja lililoandikwa kwenye akaunti ya mwingine.