Milimita 60 ao 80? Historia ya kioo cha mbele cha darubini

Kila mara wenzetu wakipata mradi mdogo wa kuhesabu ndege, swali ya kwanza inakuwa ya feza: tununue darubini ya 60 ao ya 80? Nasema ile ya bomba moja inayosimama juu ya miguu mitatu, siyo jumele ya kuvaa shingoni. Ile namba ni upana wa kioo cha mbele, kwa milimita. Wengi wanadhani ni nguvu ya kuvuta karibu. Hapana, nguvu ya kuvuta iko kwenye kioo cha jicho, mara nyingi toka 20 mpaka 60. Na wengi wanajibu haraka: kubwa njo nzuri. Historia haikubali hivyo.

Tuanze na Galileo. Kioo kimoja cha mbele cha darubini yake kimebaki mpaka leo mjini Florence, kimepasuka, upana wake milimita 38. Lakini Galileo hakuvitumia vioo vyake vyote mpaka pembeni. Alikuwa anafunika kando na kuacha tundu katikati, juu kando zilisuguliwa vibaya na zilikuwa zinaharibu sura. Mtu ametengeneza kioo kipana, kisha anakipunguza mwenyewe kwa mkono wake!

Shida ya pili ilikuwa rangi. Kioo kimoja hakipindi rangi zote sawasawa, basi kila kitu kinavaa ukingo wa buluu ao nyekundu. Dawa ya wakati ule ilikuwa kurefusha bomba. Katika miaka ya 1670, Hevelius wa Danzig alikuwa na darubini ya karibu metre 46, inayoning'inia kwa kamba kwenye mlingoti. Kwa nyota, sawa. Nani atafuata korongo na chombo kama hicho?

Aliyefungua njia alikuwa mfumaji wa hariri wa London, John Dollond. Mwaka 1758 alipata hati ya uvumbuzi kwa kuunganisha vioo viwili vya aina tofauti, kimoja kikirekebisha rangi za kingine. (Kusema kweli Chester Moor Hall alikwisha kufanya hivyo katika miaka ya 1730, lakini hakupiga kelele, na sifa ilienda kwa mwingine. Sisi wa kuandika mémoire tunajua hiyo.) Toka hapo bomba likawa fupi, la kubebwa na baharia mkononi. Hata hivyo vioo havikuweza kuwa vipana sana, juu kile kizito chenye risasi ndani yake kilikuwa kinatoka na mistari na mapovu. Ni Mswisi Pierre-Louis Guinand, mwanzoni mwa miaka ya 1800, aliyefikiria kukikoroga kingali moto kwa mwiko wa udongo, karibu kama bugali. Akaenda Ujerumani, akafanya kazi na Fraunhofer. Basi upana wa lenzi ulikuwa kwanza swali ya ubora wa kioo.

Na kwetu? Wakati ule wote, ndege wa Kongo walijulikana kwa bunduki. Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki toka 1909 mpaka 1915, wakikusanya ngozi za wanyama na ndege kwa makumbusho ya New York. Mwaka 1913, kule Ituri, Chapin alitoa unyoya mmoja kwenye kofia ya mwenyeji, na hakujua ndege wake. Jibu alilipata 1936, katika makumbusho ya Tervuren: ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kimakosa kama tausi wa India. Hivyo njo tausi wa Kongo alivyopata jina la kisayansi. Miaka 23, na wenyeji wa msitu walikuwa wanamjua muda wote.

Mwaka 1934 Roger Tory Peterson alitoa Marekani kitabu kinachoonyesha alama za kumtambua ndege akiwa hai, toka mbali. Bunduki ikaanza kuwekwa chini, na upana wa lenzi ukawa swali ya mtu anayetembea na miguu yake.

Sasa hesabu. Mwanga unaoingia unafuata eneo: 80 mara 80 ni 6400, 60 mara 60 ni 3600. Kubwa inaingiza karibu mara 1.8. Gawa tena upana kwa nguvu ya kuvuta: 60 kwa 20 inatoa mwali wa milimita 3, unaotosha jicho mchana. Lakini ukivuta mpaka 60, unabaki milimita 1 tu, na saa kumi na mbili asubuhi utaona giza. Hapo 80 inakusaidia, ila inaweza kuzidi kwa nusu kilo na zaidi, na inadai miguu mizito.

Kwa anayekaa ukingoni mwa Tanganyika alfajiri, gari liko karibu, namshauri 80. Kwa anayetembea katika mashamba ya mpunga ya Ruzizi, 60 ao 65 yenye kioo kizuri. Kule saa sita hewa inatetemeka juu ya udongo, na kuvuta mara 60 kunakuza mtetemo tu, hata na lenzi ya 95. Na ndani ya msitu mzito, chukua jumele. Bundi wa Itombwe aliyepatikana mmoja tu mwaka 1951 alionekana tena 1996, na aliyemkamata ni wavu.

Kabla ya kulipa, elekeza darubini kwenye ukingo wa bati la nyumba, anga jeupe nyuma yake. Ukiona mstari mnene wa zambarau, muuzaji anakuuzia kioo cha kabla ya Dollond. Mrudishie, hata kama ni 80.