Mbuzi Ndani ya Sanduku

Binamu yangu alipoolewa Ujerumani, shangazi alimfungashia mbuzi.

Tulia. Si mbuzi wa kuchinja. Ni ile mbuzi ya kukunia nazi, kibao cha kukunja chenye ulimi wa chuma na meno kwa mbele. Shangazi anakaa Ukunda, na kwake yeye mwanamke kwenda ugenini bila mbuzi ni kama mvuvi kwenda baharini bila nyavu. Sanduku likapimwa kwa mizani ya duka la jirani, likazidi kilo. Zikatolewa kanga mbili, vikatolewa viatu, ikatolewa mpaka albamu ya picha za harusi. Mbuzi haikuguswa. Ilisafiri mpaka kwenye mji ambao nazi huuzwa ndani ya mkebe, ishakunwa, ishachujwa, na bei yake ukiibadilisha kwa shilingi roho inakuuma.

Nilicheka sana. Halafu siku moja nikiwa kwenye matatu ya Lunga Lunga, tushapita Gazi na Msambweni tunaingia Ramisi, nikajiuliza: kwani sisi peke yetu ndio tunaosafirishiwa bibi harusi na vyombo vyake? Siku hizi ukisoma habari za wake wa Kihindi wanaowafuata waume zao Marekani, utakuta mambo ni yale yale. Mtu ana sanduku limejaa viungo, anafika mahali majirani wanalalamikia harufu ya mchuzi wake, unga si ule, maziwa si yale, na mume yuko kazini kutwa. Sasa rudisha saa nyuma miaka mia moja hivi. Wakati huo ugenini kulikuwa huku kwetu. Waliokuwa wakishuka na masanduku walikuwa wasichana kutoka Kachchh, Kathiawar na Punjab, na Marekani yao ilikuwa Mombasa, Vanga, Shimoni, Ramisi.

Wanaume walitangulia zamani sana. Upepo wa kaskazi umekuwa ukileta majahazi kutoka Bara Hindi tangu karne na karne, na Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi hapo. Vyakula navyo vilitangulia. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, alikaribishwa Mogadishu kwa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Kwa hiyo anayedhani achari ililetwa na mwenye duka wa juzi, amechelewa kama miaka 600.

Lakini wanaume wale walikuja na kurudi na pepo zao. Wake wengi walibaki nyumbani. Mambo yalibadilika na reli. Kuanzia 1896 Waingereza walileta vibarua na mafundi karibu 32,000 kutoka India kujenga njia ya kutoka Mombasa hadi ziwani. Karibu 2,500 walikufa. Wengi waliobaki hai walirudi kwao. Takriban 6,700 wakakaa. Wengine wengi wakaja kwa nauli yao kufungua maduka. Mwanamume akishapata kibanda chenye rafu na mizani, alituma barua nyumbani, au alirudi kuoa, kisha mke akafuata kwa jahazi au kwa meli ya British India kutoka Bombay.

Huku kusini, duka la Mhindi lilikuwa mahali pa mafuta ya taa, chumvi, sukari, kanga na mkopo. Mbele duka, nyuma nyumba. Mwaka 1927 kiwanda cha sukari kikafunguliwa Ramisi, na kwenye mashamba yake ya miwa wakakutana watu wa kila namna: Wadigo wenyeji, vibarua wa Kimakonde kutoka Msumbiji, na Wahindi wa ofisini na kwenye mitambo. Historia ya kiwanda utaipata kwenye makaratasi, tani kwa tani. Historia ya jiko la nyuma ya duka haina faili. Cynthia Salvadori alikusanya simulizi za familia hizi katika vitabu vitatu vya We Came in Dhows, vilivyotoka 1996, na hata hivyo mengi ya jikoni yamebaki midomoni mwa mabibi.

Basi tuingie jikoni.

Fikiria msichana wa Kigujarati ameshuka leo. Kwao mkate wa kila siku ni wa unga wa uwele, mnene, umepakwa samli. Hapa uwele haupatikani kirahisi hivyo; kuna mahindi na muhogo. Ikiwa ametoka nyumba isiyokula nyama, ameletwa kijiji ambacho upepo wenyewe unanuka samaki, na ng'onda na papa mkavu wanaanikwa juani njiani. Na nazi, bana. Kwao nazi ni kitu cha ibada, huvunjwa mbele ya madhabahu kuwa sadaka. Hapa kila nyumba inakuna nazi asubuhi na jioni, tui linaingia kwenye wali, kwenye mboga, kwenye maharagwe. Kwa aliyezoea samli, ladha yote ya chini imebadilika.

Lakini kuna mambo aliyatambua. Mbaazi, kwa mfano. Ile dengu ya njano ambayo Wagujarati huiita tuver, na huipika karibu kila siku, si kitu kingine ila mbaazi iliyokobolewa na kupasuliwa. Hapa aliikuta nzima, na ngozi yake, inachemka kwenye tui. Ukwaju aliujua. Tangawizi, iliki, manjano, vyote alivijua. Tatizo lilikuwa majina, na kazi vilivyopewa.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha mvuje. Kwa Wagujarati, na hasa Wajaini wasiokula vitunguu wala saumu, mvuje ni kiungo: punje kidogo kwenye samli ya moto kabla ya kumwaga dengu. Kwa mabibi wa pwani, mvuje ni kinga. Hufungwa kwenye kitambaa, mtoto akavishwa, shetani na jicho baya vikakaa mbali kwa ajili ya ile harufu. Sasa waza bibi wa Kidigo ameingia jiko la nyuma ya duka, akamkuta mke wa mwenye duka anaitia dawa ya mashetani kwenye mboga. Na waza yule mke akiona kiungo chake kimening'inia shingoni mwa mtoto. Sijui nani angeshangaa zaidi.

Kutoka kwenye mishangao ya namna hii watu walijifunza. Ushahidi uko kwenye maneno, na maneno hayana aibu, yanasema yalikotoka. Sisi tulichukua chapati, bajia, achari, sigiri ya makaa, sukari guru, gunia, na duka lenyewe. Wao wakachukua sufuria, kisu, fagio, machungwa. Muhogo wakauita mogo, njugu wakaziita jugu. Kuku wa kupaka akawa kuku paka. Mbaazi za nazi, kwa Waismailia wengi wa Afrika Mashariki, zikawa bharazi, zikaliwa na mandazi asubuhi kama tulavyo sisi. Na wapo Wakachchi ambao mpaka leo lugha yao ya nyumbani imechanganyika na Kiswahili, huwezi kuitenga bila kuirarua.

Hapa lazima niseme jambo ambalo hadithi za mapishi hupenda kuruka. Mafunzo haya hayakuwa kati ya majirani walio sawa. Mke mgeni alikuwa mpweke, alikuwa chini ya mume na mara nyingi chini ya mama mkwe, lakini kwa serikali ya kikoloni alikuwa daraja moja juu ya mwanamke aliyemfundisha kukuna nazi. Mtu mzima mwenye wajukuu, akishika kazi ya upishi kwenye nyumba ya mgeni, aliitwa "boi". Yeye ndiye aliyesukuma chapati, akatoka jioni akala sima kwake. Ufundi ulitembea kwa miguu ya watu hawa. Chapati haikutoka jiko la Mhindi kwenda jiko la Mswahili kwa mwaliko wa chai. Sehemu kubwa ilitoka kichwani mwa mpishi na yaya waliorudi nyumbani na kuwapikia watoto wao kile walichokuwa wakiwapikia wa wenzao. Leo chapo ni chakula cha Krismasi mpaka vijiji ambavyo hakuna aliyewahi kuona Mhindi. Tunaililia kama yetu, na ni yetu, ila waliotuletea hawakuwekewa hata jina.

Kisha ikaja siku ya kuulizana nani ni wa wapi.

Baada ya uhuru, Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwafungia wasio raia biashara katika maeneo mengi nje ya miji mikubwa. Kulikuwa na hoja ya haki pale: Mwafrika alikuwa amezuiwa muda mrefu asishike duka, na mkopo wa benki ulimpita mbali. Lakini kwenye nyumba ambazo pasipoti zao zilikuwa za Uingereza, sheria ile ilimaanisha kufunga virago. Mwaka uliofuata Uingereza nayo ikabana mlango. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90, na Leicester, mji ambao wengi walikuwa wakiulenga, ukatoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije. Walikwenda tu.

Sasa sikiliza walichokililia huko. Wale ambao mama zao na bibi zao walishuka Mombasa wakilia kwa kukosa uwele na samli, walifika Leicester na London wakitafuta mihogo. Ukiingia leo mikahawa ya Wahindi ya miji hiyo utakuta mogo kwenye orodha ya vyakula, ya kukaanga, na pilipili na ndimu, karibu kama ya Mama Ngina Drive. Yasmin Alibhai-Brown, mwandishi aliyezaliwa Kampala akaishia Uingereza, aliandika kumbukumbu zake zote kwa kupitia mapishi, kwa sababu ndani ya sufuria ndimo zilimobaki.

Pasipoti hukuambia ulipoandikishwa. Ukitaka kujua mtu ni wa wapi, muulize akiwa mbali anakosa nini. Kwa kipimo hicho watu wale walikuwa wa hapa zamani, kabla ya karani yeyote kukubali. Serikali ilichukua muda. Kiwanda cha Ramisi kilikufa mwaka 1988, na waliokuwa wakikata miwa yake wakabaki. Wamakonde, wengi wao waliozaliwa hapa hapa Kwale, waliishi bila vitambulisho mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa la 44. Mkata miwa wa Ramisi na karani wa Ramisi wakahesabiwa mmoja baada ya mwingine, na kiwanda chenyewe kilikuwa kimeshakufa miaka mingi.

Nikamsimulia shangazi haya yote, tumekaa barazani anachambua mtsunga. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo mwenzangu naye alikuja na mvuje wake." Mwenzangu! Hajawahi kumwona, wamepishana miaka mia, dini, lugha na daraja, lakini kwa shangazi, mwanamke aliyebeba jiko lake ndani ya sanduku ni mwenziwe, kwisha.

Desemba iliyopita binamu alikuja likizo, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Siku ya kwanza alikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, akalia machozi ya kweli. Siku ya pili mtsunga. Siku ya tatu asubuhi, mahamri na mbaazi ziko mezani, akaangalia, akasita, akauliza kwa sauti ndogo kama hapa karibu kunapatikana ule mkate mweusi, mzito, wa Kijerumani.

Meza ilinyamaza. Shangazi alimtazama mwanawe kwa muda, kama anayesoma barua. Hakusema neno. Akajifunga leso, akachukua pochi yake, akasimamisha tuktuk, wakaenda Diani kuutafuta.