Mseto wa Mitutu Mitatu

Mara ya kwanza nilipolikuta neno Drilling lilikuwa kwenye katalogi ya mnada wa silaha za kale, nami nikaandika kwa penseli pembeni: uchimbaji. Kisha nikasoma mstari uliofuata, uliotaja mitutu mitatu, kitako cha mti wa jozi na mwaka 1926, nikafuta haraka kabla mtu hajaona. Neno lenyewe ni la Kijerumani, limezaliwa na drei, yaani tatu, na maana yake ya nyumbani ni mmoja kati ya watoto watatu wa mimba moja. Bunduki ya mitutu minne nayo huitwa Vierling, kwa mtindo uleule wa wodi ya wazazi.

Bunduki hii ilistawi mwishoni mwa karne ya 19 mikononi mwa mafundi wa Ujerumani na Austria, hasa katika miji kama Suhl na Ferlach. Mwindaji wa misitu ile hutembea na mbwa wake, bunduki moja begani, na hajui kitakachochomoka kichakani. Akirushiwa fezanti au akikurupushiwa sungura anahitaji marisau, zile punje za risasi zinazotawanyika. Akitokewa na nguruwe mwitu, marisau hayo yatamkasirisha tu. Hapo panatakiwa risasi moja nzito iendayo mbali bila kuyumba. Mafundi wakaunga kwa lehemu mitutu miwili laini ubavu kwa ubavu, na chini yake, katikati, wakaweka mtutu mwembamba wenye mifuo iliyojiviringisha ndani. Mifuo ndiyo huizungusha risasi ili isipepesuke njiani.

Sasa tuiiteje? "Bunduki ya mitutu mitatu" ni jibu la mtu aliyehesabu bila kuchungulia ndani. Zipo bunduki zenye mitutu mitatu ya marisau mitupu, na hizo ni kitu kingine. "Bunduki mchanganyiko" inaleta picha ya vitu vilivyoyeyuka vikawa kimoja, na "chotara" ni neno lenye madonda yake, tuliache. Mimi nachagua mseto. Aliyewahi kula mseto wa choroko na mchele anajua kwamba sufuria ni moja, lakini choroko unaiona na mchele unauona. Siasa ilikwishalikopa neno hilo kwa serikali ambamo vyama hukaa meza moja bila kuvunja kadi zao. Ndivyo mitutu hii inavyoishi.

Kwa hiyo jamii nzima ni bunduki mseto. Ile ya Drilling ni bunduki mseto ya mitutu mitatu, au drilingi kwa wanaoiuza na kuinunua kila siku. Yenye mtutu mmoja laini na mmoja wa mifuo ni mseto wa mitutu miwili. Ile ambayo mitutu hiyo hulala ubavu kwa ubavu Waingereza waliipa jina la Rasi, kwa kuikumbuka Koloni la Rasi kule Afrika Kusini. Bunduki yenye mitutu miwili ya marisau, hata ikiwa ghali kiasi gani, si mseto; ni wali mtupu.

Mnunuzi wa drilingi ya zamani hununua maandishi kabla ya kununua chuma. Ukiifungua na kuitoa mitutu, chini yake utakuta mihuri ya nyumba ya majaribio, mahali ambapo silaha hufyatuliwa kwa risasi ya nguvu kupita kiasi kabla ya kuuzwa. Ujerumani ilikuwa na sheria ya jambo hilo tangu 1891. Kwenye bunduki nyingi za Suhl utaona tarakimu kama 3.26, maana yake Machi 1926. Tafuta herufi N yenye taji juu yake, au neno Nitro: ni ushahidi kwamba ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Usipoiona, ichukulie kuwa ya baruti nyeusi mpaka fundi aseme vingine.

Halafu kuna geji. Geji 16 maana yake ratili moja ya risasi ikigawanywa kuwa golori 16 zilizo sawa, kila golori ingeingia mtutuni sawasawa. Ndiyo maana geji 12 ni pana kuliko 16, jambo linalowachanganya wengi. Lakini hatari haiko hapo, iko kwenye urefu wa chemba. Drilingi nyingi za kale za geji 16 zina chemba ya milimita 65, na risasi za dukani leo kwa kawaida ni za milimita 70. Urefu huo hupimwa ganda likiwa limekwisha kufunguka. Likiwa zima, mdomo wake umekunjwa, ganda ni fupi, nalo huingia kwenye chemba ya 65 bila kulalamika. Ukifyatua, mdomo unafunguka mahali ambapo mtutu umeanza kubana, na shinikizo linapanda. Bunduki imekubali kufunga, mwenye bunduki anadhani mambo shwari.

Mtutu wa mifuo nao una mtego wa herufi. Ukikuta 8x57IR, hiyo I ni ya Infanterie, askari wa miguu, na R ni ya Rand, ukingo wa ganda ambao bunduki ya kukunjuka huushika ili kulitoa. Katika hati za kale za Kijerumani I ilifanana na J, ndiyo sababu wauzaji wengi huandika J hadi leo. Hilo halimdhuru mtu. Linalodhuru ni kuongeza S mwishoni: 8x57IRS hubeba risasi nene zaidi, kama milimita 8.2 badala ya 8.1 hivi, na haifai katika mtutu wa IR. Istilahi zina siku zake za kuua.

Jaribio ninalolipenda halihitaji kusoma. Ning'iniza mitutu peke yake kwa uzi, igonge polepole kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, lehemu iko salama. Ikitoa sauti ya chungu chenye ufa, rudisha, shukuru, nenda zako.

Iko pia drilingi ya kijeshi, Sauer M30, iliyotengenezwa 1941 na 1942 kwa ajili ya jeshi la anga la Ujerumani, ikikaa kwenye sanduku la aluminiamu. Leo bei yake ni ya wakusanyaji wa kumbukumbu za vita na mihuri ya kughushi haikosekani. Anayetaka kuwinda aiache.

Neno la pili lililonisumbua ni la kuifanya bunduki imfae mtu mmoja. "Kurekebisha" kunatosha kwa saa iliyosimama, ila hapa hakuna kilichoharibika. Fundi cherehani ana neno bora: kanzu humkaa mtu, au haimkai. Basi na bunduki tuseme hivyo, na kazi ya fundi ni kuikalisha. Fumba macho, iinue begani kama ulivyozoea, fumbua. Jicho likiwa limenyooka na kilengeo, imekukaa. Kutoka triga hadi katikati ya ncha ya kitako, mtu wa kimo cha wastani huhitaji kama sentimita 36 au 37. Vitako vya kale vya Kijerumani huinama sana, na ukifunga darubini juu yake itabidi shingo uinyooshe kama twiga. Dawa ni kifuniko cha ngozi cha kufunga kwa kamba pale shavu linapolala. Msumeno usiguse mti wa miaka mia. Darubini za kale nazo hushikwa kwa makucha yaliyochongwa kwa bunduki ileile moja, kwa hiyo nunua bunduki na darubini yake, au usiihesabu darubini.

Bado kuna kitufe kilicho juu ya shingo ya kitako. Kwenye bunduki nyingi za marisau mahali hapo ni pa usalama. Kwenye drilingi ya kawaida ni kiteuzi: ukikisukuma mbele, kilengeo cha nyuma kinasimama na triga ya mbele inahamia mtutu wa mifuo. Usalama uko ubavuni kushoto. Mgeni aliyezoea bunduki nyingine husukuma kiteuzi akidhani anafungua usalama, akamwelekezea ndege aliye angani risasi ya nguruwe, nayo ikaenda kuanguka asikokujua.

Kwa hiyo ukijaza fomu ya leseni penye "aina ya silaha", usiandike "marisau" wala "risasi" pekee. Andika bunduki mseto, kisha utaje mitutu yote mitatu, kila mmoja na kipimo chake na urefu wa chemba yake.